Mchora Chale na Nyumba Yake

Kila mwenye kazi ana wadai wawili. Wa kwanza ni yule ampaye ujira. Wa pili ni yule amngojeaye nyumbani. Mdai wa kwanza huja na sauti, na fedha mkononi. Mdai wa pili aghalabu hukaa kimya, na kwa kuwa yu kimya ni rahisi kumwambia angoje. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: je, yawezekana mtu aipende kazi yake kwa moyo wote, na bado awape watu wa nyumba yake haki yao? Wazee walisema, "Mshika mbili moja humponyoka." Ikiwa neno hilo ni kweli kwa kila jambo, basi mtu mwenye kipaji hana budi kuchagua: ama awe fundi hodari, ama awe mzazi mwema.

Swali hili sikujiuliza mwenyewe, niliulizwa. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, kijana mwenye mkono mwepesi wa kuchora, alinijia siku moja baada ya masomo. Alikuwa amemwambia babaye kwamba akimaliza shule angependa kuwa mchora chale, yaani fundi wa kuchora picha na maandishi katika ngozi za watu kwa sindano na wino, kazi ambayo vijana wa leo huiita ya tatuu. Babaye hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia neno moja tu: "Kazi hiyo hailei mtoto." Kijana akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli?" Siku ile sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe muda, nami nikaenda nikalitafuta.

Tuiangalie kwanza kazi yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Sanaa ya kutia alama mwilini si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wa Kimakonde, ambao jamaa zao wanaishi Msumbiji, Tanzania na pwani yetu ya Kenya, walijulikana kwa chale za usoni zilizochanjwa kwa ustadi. Hata neno nembo, ambalo mwanafunzi hulivaa kifuani katika sweta ya shule, hapo kale lilikuwa jina la chale za kabila. Mchanja chale wa kijijini aliwachanja watu aliowajua, kwa desturi zilizojulikana, na nyumba yake haikuwa mbali na kazi yake.

Kazi ya leo ni nyingine. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hati ya uvumbuzi wa mashine ya umeme ya kuchorea chale, na mashine za umeme ndizo zitumikazo leo katika vyumba vya kazi hiyo vya Nairobi na Mombasa. Sindano hupita ngozi ya juu na kuuacha wino katika ngozi ya chini yake. Ngozi ya juu hupukutika na kuota upya. Ile ya chini haipukutiki, na ndiyo sababu mchoro hukaa mpaka mwenyewe aingie kaburini. Siku hizi iko mionzi ya kufifisha wino, lakini ni ya gharama, hutaka vikao vingi, na mara nyingi huacha kivuli. Mwalimu akikosea ubaoni hufuta. Seremala akikosea huchukua ubao mwingine. Mchora chale akikosea, kosa lake hutoka chumbani likitembea kwa miguu ya mwenye ngozi.

Kwa hiyo kazi hii humtaka mtu mzima mzima. Jicho lisipepese, mkono usitetemeke, mgongo uvumilie kuinama saa nyingi. Sindano iliyotumika kwa mtu mmoja haifai kuguswa na mtu wa pili, kwa kuwa damu yaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Basi hata mteja akiisha kwenda, fundi bado ana kusafisha na kutupa. Aliyeanza mchoro hawezi kuuacha katikati kama msomaji aachavyo kitabu. Picha ya kufunika mkono yaweza kuhitaji vikao kadhaa, na kila kikao kikala nusu ya siku.

Ninaye binamu yangu, mdogo wangu kwa miaka mitatu, ambaye kazi yake ni hii, jijini Nairobi. Mkewe ni muuguzi, na wana binti mmoja. Nilipokwenda kukaa kwao wakati wa likizo ndipo nilipoyaona mambo ambayo kitabu hakingenifundisha. Asubuhi, binti alipokuwa shuleni, chumba cha kazi kilikuwa kitupu. Jioni, binti aliporudi, wateja nao walitoka maofisini na madukani wakaja. Siku za Jumamosi na Jumapili, ambazo ni za mtoto, ndizo pia za mteja. Mwisho wa mwezi hapakuwa na nafasi ya kupumua. Januari, watu walipe karo na kununua vitabu, hapana akumbukaye chale, na kodi ya chumba haijui kuwa ni Januari. Binamu yangu hakuwa mlevi wala mzururaji. Kila saa aliyokosekana nyumbani alikuwa akifanya kazi ya halali, na kila shilingi aliyoipata ililetwa nyumbani. Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Baba mbaya ni rahisi kumlaumu. Lakini tuseme nini juu ya baba mwema asiyeonekana?

Alikuwa na daftari la miadi, ambamo aliandika majina ya wateja, siku na saa. Binti, ambaye wakati ule alikuwa na miaka saba na alikuwa ameanza kujivunia mwandiko wake, alilifungua daftari lile jioni moja akaandika jina lake mwenyewe kwa kalamu ya risasi: Jumamosi, saa tisa. Babaye alipoona alicheka, akatuonyesha, nasi tukacheka. Siku ya pili alipiga simu mtu mmoja kutoka Nakuru, akatuma arubuni, akataka Jumamosi saa tisa. Binamu yangu akachukua raba, akafuta. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia, wala hakusema neno. Alikwenda akaketi na kitabu chake, na hakulifungua tena daftari lile siku zote nilizokuwa pale.

Usiku, mke akiwa kazini na mtoto amelala, binamu yangu aliniambia, "Kaka, nimefuta jina la mwanangu nikaandika la mtu nisiyemjua. Na nikirudisha ile arubuni, kodi nitalipa kwa nini?" Sikuwa na jibu kwake pia. Nilikumbuka tu kwamba mimi, nisiyechora chale, nina rundo la madaftari ya kusahihisha kila usiku, na kwamba mwanangu anaujua mgongo wangu kuliko uso wangu.

Basi na tutafute kwa watu waliotangulia katika kazi hii. Katika kijiji cha Buscalan, milimani katika jimbo la Kalinga nchini Ufilipino, mwaka 1917 alizaliwa mwanamke aitwaye Whang-Od. Alifunzwa na babaye kuchora chale kwa njia ya kale, yaani kwa mwiba uliofungwa katika kijiti, masizi yaliyochanganywa na maji, na kijiti kingine cha kugongea. Alipokuwa kijana, mchumba wake alikufa katika ajali ya kukata miti, naye akakata shauri asiolewe. Alichora maisha yake yote, na mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 106, picha yake ilitoka katika jalada la toleo la Ufilipino la jarida la Vogue. Mtu aweza kusema, "Tazama, aliishika moja, na ndiyo iliyomfikisha." Lakini tusiharakishe. Kwa desturi ya kwao ufundi ule hupokewa na watu wa damu moja tu. Whang-Od hakuwa na mtoto, na kwa hiyo aliwafundisha wajukuu wa ndugu zake, ili mlolongo usikatike. Hata yeye asiyekuwa na mume wala mtoto, kazi yake ingekufa pamoja naye kama asingekuwa na jamaa. Kazi haikuichukua nafasi ya nyumba. Mwishoni iliitafuta nyumba ili ipate pa kukaa.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Maud Wagner, aliyezaliwa mwaka 1877 na kufa mwaka 1961, alikuwa mwanamke wa sarakasi. Mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis, alikutana na Gus Wagner, mchora chale aliyekuwa amesafiri sana baharini. Akajifunza kazi kwake, wakaoana. Yeye huhesabiwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wajulikanao kuifanya kazi hii katika Marekani. Walisafiri pamoja na sarakasi na maonyesho, wakichora kwa mkono bila mashine, na binti yao Lotteva alianza kuchora akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Hapa kazi na nyumba zilikuwa kitu kimoja: baba, mama na mtoto katika hema moja. Walakini Maud, ambaye mwili wake ulijaa michoro, alimkataza mumewe kumchora binti yao. Binti alipewa ufundi, lakini ngozi yake ilibaki safi. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa. Mama yule hakuionea haya kazi yake, kwa kuwa alimfundisha mwanawe. Lakini alijua kwamba iko mipaka ambayo kazi, hata ikipendwa namna gani, haifai kuivuka.

Mifano hii miwili yatufundisha kwamba kazi na nyumba si maadui wa kuzaliwa. Lakini haitupi kanuni ya kupima. Whang-Od hakuwa na mtoto wa kumfutia jina, na jamaa ya Wagner ilitembea na kazi yake kama konokono na nyumba yake. Watu wengi wa leo si hao wala si hawa. Mahali pao pa kazi ni mbali na nyumbani, na kila mdai ana mlango wake. Hao ndio tunaowatafutia jibu.

Wako wasemao, "Namfanyia kazi mtoto huyo huyo, basi nikiwa kazini niko pamoja naye." Neno hili tusilidharau. Mtoto hali mapenzi wala halipiwi karo kwa kukumbatiwa, na mzazi aketiye nyumbani ilhali chungu ki tupu hajatimiza wajibu. Mwenye mshahara wa kila mwezi na awe mwangalifu anapomhubiria fundi asiyejua kesho atapata nini. Lakini neno hilo lina kasoro moja. Mtoto haoni karo ikilipwa. Aonacho ni kiti kitupu mezani. Pendo alilotendewa mahali asipopaona ni la kweli, lakini yeye hawezi kuliishi mpaka awe mtu mzima, na wakati huo utoto umekwisha.

Wako pia wasemao kwamba shida ya mchora chale si saa zake bali ni aibu ya kazi. Ni kweli kwamba Wakristo wengi hukumbuka katazo la kitabu cha Mambo ya Walawi, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huiharimisha kazi hii. Kila mtu ana dhamiri yake na Muumba wake, nami si kadhi wala kasisi wa kumwamulia. Nasema hili tu: akiisha kuichagua kazi hiyo, mtoto wake ataulizwa habari zake shuleni, naye atajibu kwa kadiri alivyomwona mzazi wake akiifanya. Binamu yangu hamchori mlevi, wala asiyetimiza miaka 18, wala mtu atakaye jina la mchumba wa juma moja. Nimemwona akirudisha fedha mchana kweupe. Mtoto aliyeona babaye akikataa fedha kwa sababu ya haki hana haja ya kuona haya. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo.

Liko jambo la tatu, ambalo wanaume hatupendi kulitaja. Mara nyingi mwanamume husema amefaulu kulinganisha kazi na nyumba, kumbe upande mmoja wa mizani umeshikiliwa na mkewe. Mke wa binamu yangu alikuwa akitoka zamu ya usiku, na kabla hajalala humwogesha mtoto, humpa chai na kumfikisha shuleni. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Lakini mwanamke akiwa ndiye mchora chale, swali la kwanza aulizwalo ni, "Watoto umewaachia nani?" Swali hilo ni zuri, ubaya wake ni kwamba huulizwa upande mmoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba kila mtoto ana haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wake, na kwamba wajibu huo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au hawakuoana. Mwenye kupima mizani yake na atazame kwanza ni mkono wa nani ulioishikilia.

Sasa niseme nionavyo mimi. Kosa letu ni kudhani kwamba kulinganisha ni kugawa saa mafungu mawili yaliyo sawa. Hakuna awezaye, na mchora chale hata kidogo. Jambo la kupima ni lipi lawezalo kungoja na lipi lisiloweza. Mchoro ulioanzwa haungoji, na mtu asimwache mteja akivuja damu kitini ili awahi chakula cha jioni. Huko nako ni kuvunja amana. Lakini mchoro usioanzwa waweza kungoja. Ngozi ya mtu wa Nakuru ingalikuwa ile ile Jumamosi iliyofuata. Mwaka wa saba wa mtoto haurudi. Na hapa mchora chale ana elimu ambayo sisi wengine hatuna, kwa kuwa yeye kila siku huishika kwa mkono wake tofauti ya kitu kifutikacho na kisichofutika. Utoto nao ni ngozi ya chini: kiandikwacho humo hukaa. Fundi aliyezuia pumzi yake asikosee mstari katika bega la mgeni anajua kabisa uangalifu ni nini. Hahitaji kufundishwa jambo jipya. Yampasa tu kuuleta nyumbani uangalifu alio nao kazini.

Na methali yetu je? Naona ni kweli kwa mtu ashikaye mbili kwa wakati mmoja, yaani aliye mezani na watoto huku akili iko kwa mteja, na aliye kwa mteja huku akili iko nyumbani. Huyo zote mbili humponyoka. Lakini ashikaye moja kwa saa yake, akaiweka chini, kisha akaishika ya pili kwa mikono yote, huyo methali haikumtaja.

Nilirudi kwa binamu yangu mwaka uliofuata. Daftari la miadi lilikuwa mahali pake, nikaomba ruhusa nikalifungua. Majina ya wateja yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya risasi. Kila Jumamosi, kutoka saa nane hadi magharibi, lilikuwamo jina moja lililoandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa mtoto. Nilimwuliza amepoteza kiasi gani. Alisema wateja kadhaa walikwenda kwa mafundi wengine wasirudi, na kwamba Januari ile kodi ilichelewa, akamwomba mwenye nyumba amvumilie. Wengine aliwavuta waje asubuhi za siku za kazi kwa kuwapunguzia bei. Asubuhi nyingine ndiye ampelekaye mtoto shuleni, ili mkewe alale. Mara mbili, alikiri, alivunja miadi ya wino, na mara zote mbili ilimpasa kumwomba binti msamaha kama amwombavyo mteja. Hakuniambia kwamba ameshinda. Aliniambia kwamba binti sasa hulifungua daftari bila kuogopa.

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi. Babako amesema kazi hiyo hailei mtoto, na amesema kweli, kwa sababu hakuna kazi ileayo mtoto: si ya chale, si ya udaktari, si hii yangu ya ualimu. Kazi hununua unga. Mtoto hulelewa na mtu. Ukitaka kuwa mchora chale, jifunze kwanza kuchora hata mstari wako usitetereke, kisha uoshe mikono yako na uitumie sindano mara moja tu. Ukiisha kupata daftari la miadi, na watu wakaja wengi na fedha zao mikononi, angalia ni jina la nani umeliandika kwa kalamu ya risasi.

Kijana alicheka, akaniuliza, "Na wewe, Mwalimu, daftari lako likoje?" Jioni ile niliyaacha madaftari ya Kidato cha Tatu shuleni, na wanafunzi wakayapokea kwa kuchelewa siku moja. Na wanisamehe.